Gari la Mbao Nililouziwa Matangani

Soga, 8 Agosti 1955

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijachoka kabisa, kwa maana nimechoka, na uchovu wenyewe si wa mwili peke yake, mwili ningeulaza ukapona. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa mwisho, kwetu ni hapa Soga, baba yangu anafanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, sisi ni Wazaramo Wakristo, na watu wote wa hapa siku hizi wananiita Fundi kwa sababu ya gari nitakalokueleza, nami kila nikiitwa hivyo nainamisha kichwa, wao wanadhani ni unyenyekevu.

Miaka mitatu iliyopita mwenzangu wa chuoni aitwaye Kibwana alifiwa na mume wa shangazi yake huko Kisarawe, Mzee Shomari Pazi, Mungu amrehemu, nami nikamsindikiza siku ya kuanua matanga kama ilivyo desturi. Marehemu alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, alimwendesha miaka ishirini, na yule mzungu alipofunga safari ya kurudi kwao hakumpa kiinua mgongo chochote ila gari lenyewe, stesheni-wagoni ya zamani, mbele chuma na nyuma mbao tupu, yenye mlango wa nyuma wa kupakilia mizigo, na wakati huo lilikuwa limekwisha kufa. Basi nilipolikuta mimi lilikuwa chini ya kibanda cha makuti ubavuni mwa nyumba, mchwa wamekula mbao, kuku anaatamia kwenye kiti cha nyuma, na mimi, Mshauri, nikalipenda pale pale, nikasahau kwamba nimekuja msibani.

Wewe unajua matanga yetu na mambo ya watani. Mtani wao alikuwa Saburi, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki Kisarawe, ndiye aliyechimba kaburi, na siku ile alivaa koti la marehemu na kofia yake ya udereva akaingia garini, akaubonyeza ule mpira wa honi, pwaa, pwaa, akaanza kumwiga marehemu, mara anakohoa, mara anapangusa kioo, mara anamgeukia mtu ambaye hayupo upande wa kushoto na kumwambia, "Bibie, shika kofia yako, tunateremka mlima!" Watu walicheka mpaka waliokuwa wakilia wakafuta machozi, na mjane, Bi Swaumu, naye alicheka huku amefunika uso kwa kanga. Halafu Saburi akasimama juu ya ubao wa kukanyagia akanadi, "Mwenye gari kafa, mimi mtani wake ndiye mrithi, nani ananunua? Halili petroli, halili majani, halimtukani mtu!"

Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Nanunua, shilingi kumi."

Watu wakacheka zaidi. Saburi akapokea zile shilingi kumi, akazitoa papo hapo zikanunuliwe sukari na kahawa ya waombolezaji, maana kitu cha mtani huliwa na wote, na hapo mambo yangeishia. Lakini mimi nilitoa daftari mfukoni, nikaandika hati ya mauziano kama tulivyofundishwa, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, aina ya kitu, tarehe, nikampaka Saburi masizi ya sufuria kwenye dole gumba akapiga alama, na mashahidi wawili wakapiga huku wameshika mbavu, wakidhani na karatasi nayo ni sehemu ya mchezo.

Mshauri, naungama hapa nisichoungama hata kwa padri. Nilijua. Mimi ni Mzaramo, hakuna aliyenidanganya, nilijua kabisa kwamba mtani hauzi, anachekesha, na nilijua pia kwamba alichokitoa mtani hakuna mwenye msiba anayeweza kukidai wala kukikasirikia, maana akikasirika ameuvunja utani. Nikapita katikati hapo. Wiki iliyofuata nilirudi na lori la mbao lililokuwa linarudi tupu, tukalifunga gari mnyororo, na Bi Swaumu akatoka akasimama mlangoni, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwonyesha karatasi, naye hajui kusoma, akasema tu, "Chukua, mwanangu. Mtani ameshasema, mimi nina lipi?" Kisha akaongeza, "Kile kiti cha mbele usikivunje." Nikasema ndiyo bibi, kama mtu anavyomjibu mzee ili aondoke.

Tangu siku ile sina likizo wala sina Jumamosi. Posho yangu ya chuo unaijua ilivyo, ni ya sabuni na kalamu, basi gari nililifufua kwa kubadilishana. Wapasua mbao wa karibu na Ruvu niliwaandikia barua za kwao, barua moja ubao mmoja wa mninga, mpaka nikapata mbao za ubavu mzima, nikazipaka mafuta ya maganda ya korosho mchwa wasirudi. Injini ilikuwa imeshikwa na kutu, niliimwagia mafuta ya taa likizo nzima, kila asubuhi nazungusha hendeli na haiendi, nazungusha haiendi, mpaka siku moja ikasogea kidogo nikakaa chini nikalia. Rejeta lilivuja nikalitilia pilipili ya unga na ute wa mayai. Matairi mawili hayakuwa na mpira wa ndani, nikayashindilia makumbi ya nazi. Chuoni nilikuwa nauza sukari yangu ya chai nikanywa uji mtupu, na magoti haya yana alama za mawe kama ya mzee.

Plagi ndizo zilinishinda, hazipatikani kwa barua wala kwa sukari. Nikaing'oa ile honi nikampa muuza mikate mmoja wa Mlandizi anayetembeza mikate kwa baiskeli, naye akanipa plagi nne kuukuu alizozipata kwa shemeji yake. Na chini ya kiti cha mbele, upande wa kushoto, nilikuta mto mdogo wa kitambaa cha maua uliojaa sufi, nikadhani ni wa mke wa yule mzungu, nikaupasua, sufi nikajazia kiti changu cha dereva na kitambaa nikakifanya tambara la kufutia grisi.

Mwezi wa Juni gari likawaka. Soga nzima ilitoka, baba yangu aliacha kazi yake relini akaja na sululu begani. Mimi nina mchumba, anaitwa Genoveva, na harusi yetu ni baada ya mtihani, nilimwahidi kwamba siku ya kutoka kanisani atakaa mbele ya gari hili, yeye ameshawaambia dada zake wote na dada zake wamewaambia watu ambao mimi siwajui.

Sasa Kibwana alikuja kunitembelea mwezi uliopita, nikamwashia injini nikitegemea atashangilia, hakushangilia. Akasimama anaangalia kile kiti cha mbele. Akaniuliza, "Mto wa shangazi uko wapi?"

Ndipo akanieleza. Miaka yote ishirini ya udereva, garini humo walipanda bwana na bibi na wageni wao, hata mbwa wa bwana walipanda, lakini mke wa dereva hakuwahi kuingia hata mara moja. Marehemu alipopewa gari alimwahidi mkewe kwamba siku injini itakapowaka yeye atakaa mbele, na safari ya kwanza itakuwa Magindu kwa dada yake, Bi Mwanaamina, aliyepofuka macho, na hawajaonana miaka mingi kwa kuwa Bi Swaumu ana miguu inayovimba, hawezi mwendo. Bi Swaumu akajishonea mto wa kukalia. Na kila Ijumaa baada ya sala yule mzee alifukuza kuku, akapangusa kioo, akampakia mkewe mbele, gari bovu lile lile, akashika usukani, akapiga honi wakaondoka bila kuondoka, anamwambia hapa ni Pugu, hapa tunavuka mto, shika kofia yako tunateremka mlima. Majirani waliwacheka miaka sita. Ndicho alichokuwa anakiiga Saburi siku ile, na mimi nilicheka bila kujua ninacheka nini.

Nikamwuliza Kibwana kwa nini hamkuniambia. Akasema, "Tungekuambiaje? Mtani ameshasema." Halafu akasema shangazi amesikia kwamba gari limewaka, ameuliza tu, "Honi bado inalia?"

Nilimfuata Saburi, nilitumaini ataniambia kwamba aliuza kweli. Alicheka kwanza kama kawaida yake, kisha akaacha. Akasema, "Mimi niliuza kicheko, kijana. Wewe ndiye uliyenunua chuma." Genoveva naye anasema nisijitese, karatasi ninayo, dole gumba lipo, jasho ni langu, na wakati wanakunywa kahawa yangu mbona hawakuona uchungu. Na mimi kuna siku naona ana haki, maana bila mimi lile gari lingekuwa kuni leo. Lakini siwezi tena kukaa kwenye kile kiti changu, nakaa juu ya sufi yake. Lile tambara nimelifua mara tano na grisi haitoki.

Mshauri, gari hili ni langu au si langu? Nikilirudisha, harusi yangu itakuwaje na miaka yangu mitatu nitamdai nani? Nisiporudisha, nitawezaje kusimama mbele ya watoto niwafundishe? Nijibu upesi, na usilichape jina langu.

Ni mimi niliyechoka,
D. A.

*

Mwanangu D. A.,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakukasirikia, na sasa wote wawili tumechoka, kwa hiyo tusizungushane.

Tuanze na pole, maana unastahili. Mtu aliyezungusha hendeli likizo nzima mpaka chuma kikamsikia si mvivu wala si mwizi wa kawaida. Nina vijana hapa wanaoniandikia kwamba baiskeli zimepata pancha na maisha yamewashinda. Wewe umefufua maiti ya gari kwa uji mtupu na barua za watu. Mikono yako ni mizuri, na siku ile gari lilipowaka baba yako alikuwa na haki ya kuja na sululu begani.

Sasa niache nikuchape. Unaniuliza gari ni lako au si lako, na jibu umeliandika mwenyewe kwa neno moja: nilijua. Mimi pia ni Mzaramo, wa Maneromango, na matangani kwetu nimeona mtani akimuuza mjane mwenyewe, akamuuza kwa tumbaku, na hakuna mpumbavu aliyekuja wiki ya pili na lori kumchukua! Utani upo ili mfiwa acheke siku ambayo hawezi kucheka. Wewe uliingia humo na daftari. Palipokufaa karatasi ukatoa karatasi, na karatasi ilipokuwa haitoshi ukajificha nyuma ya utani, ukijua yule mama amefungwa mdomo. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ndio huo unaoukalia.

Na huyo Genoveva wako, mwambie nimemsikia. Jasho ni lako, sikatai. Lakini mtu akilima shamba la mwenzake bila kuitwa, akavuna vizuri, bado shamba lina mwenyewe.

Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nyinyi vijana wa chuo mnapoharibu. Najua unachotaka kufanya. Unataka kuliendesha mpaka Kisarawe, ulisimamishe mlangoni, ulie kidogo, umkabidhi, uondoke kwa miguu ukiwa mwepesi. Usithubutu. Kwanza, bibi wa miguu iliyovimba atalifanyia nini gari? Mwezi mmoja tu kuku watakuwa wamerudi. Pili, ukimrudishia kilichotolewa na mtani wake unamwambia mbele za watu kwamba alikuwa na kinyongo, na yeye miaka mitatu amejizuia asiwe nacho. Atakataa, na atakuwa sahihi kukataa, nawe utarudi Soga ukijisifu kwamba ulijaribu.

Dawa ya moto ni moto. Kilichotoka kwa mzaha kitarudi kwa mzaha. Nenda kwa Saburi tena, safari hii na kilo ya sukari, umwambie unataka auze gari mara ya pili. Ataelewa kabla hujamaliza sentensi, watu wa namna ile huwa wanangoja. Chagueni siku familia inapomsomea marehemu dua, wakisha kula. Saburi avae kofia, asimame pale pale kwenye ubao wa kukanyagia, anadi gari, na safari hii akuuze na wewe humo humo, dereva na mbao zake. Mwache akuseme. Aeleze watu wote kuhusu mwanafunzi aliyenunua kicheko kwa shilingi kumi, awaonyeshe unavyoandika hati huku watu wanaomboleza, na wewe usijitetee hata kwa neno moja. Ile karatasi yako mpe aivutie tumbaku. Bi Swaumu anunue kwa atakachokishika siku hiyo, hata kibaba cha mchele, na akishalipa, gari ni lake bila mtu kumwonea huruma. Huo ndio urejesho anaoweza kuupokea huku amesimama wima.

Kuanzia hapo wewe ni dereva wake mpaka atakapokuachisha. Likizo zako unazijua zilivyo, sasa zina kazi. Siku moja akiamua kukuuzia, au kukupa, au kuligeuza banda la mbuzi, ni mdomo wake utakaosema, na safari hii usilete daftari. Miaka yako mitatu hutamdai mtu. Imekufundisha ufundi, na kama utakubali kuchekwa itakufundisha na ualimu.

Ule mto. Acha kuufua. Mwombe Genoveva ashone mpya, kwa mkono wake, sufi nyingi, na ashone akijua unakwenda kukaliwa na nani, na mimi nadhani kabla hajamaliza pindo la mwisho atakuwa ameacha kuzungumza habari za dole gumba. Wa zamani wenye grisi mpelekee mwenyewe pia, usiufiche, umweleze ulivyoupasua. Ataugeuzageuza mkononi. Mngoje mpaka amalize, ni haki yake. Na kuhusu harusi, mwombe Bi Swaumu gari lake siku hiyo, kwa adabu, kama mtu anavyoazima chungu kwa jirani. Akikubali, bibi harusi atapanda nyuma, pale alipokuwa anaatamia kuku. Mbele pana mwenyewe. Kama Genoveva hawezi kuolewa akiwa kiti cha nyuma, ni afadhali ujue mapema.

Mimi nina miaka hamsini na minne, mwanangu, na garini nimepanda maisha yangu yote juu ya magunia ya watu, nikiangalia kisogo cha dereva. Sikuwahi kupata mtu wa kuniambia shika kofia yako. Yule mama alipata, kwenye gari lisilokwenda, kila Ijumaa, na majirani walimcheka kwa sababu hawakuwa na kitu kama hicho nyumbani kwao. Ukamchukulia na hicho. Sikwambii ili ulie, umeshalia vya kutosha. Nakwambia ili usichelewe, kwa kuwa dada wa Magindu ni mzee, na kipofu hawezi kumwona ndugu yake akija, ila atamsikia.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya Saburi, kabla ya sukari, kabla ya Genoveva, nenda Mlandizi kwa yule muuza mikate. Mpigie magoti, hayo hayo yenye alama za mawe. Mpe posho yako, mpe viatu vyako vya chuo, mwandikie barua za ukoo wake wote mpaka mwakani, lakini usiondoke pale bila ile honi. Bi Swaumu amekuuliza swali moja tu katika miaka mitatu, na hujamjibu.

Siku ya dua ukifika karibu na nyumba yake, kabla hajakuona, mjibu.

Mshauri wako